Tahariri: Moyo Ukikushika Malava, Moyo Ukikushika Nairobi



Wengi mlitazamia kuwa mwezi huu tutaandika juu ya mishahara na nyumba za landhi zinazovuja. Mambo hayo hatukuyasahau, na Katibu ameyaandika katika ukurasa wa tatu. Lakini sisi tumeona heri tuanze na habari ya mtu aliyekufa, kwa maana tulikuwa naye usiku ule, na kwa maana twaamini kuwa angeweza kupona.

Alikuwa mzee wa gengi letu, mtu wa Kabras kama mimi, aliyeanza kubeba mataruma wakati mimi ningali mtoto wa darasa la pili katika shule ya misheni. Mwezi wa Machi 2025 tulikuwa kambini kwa kazi ya njia. Saa kumi za usiku aliamka akashika kifua, akasema asikia kama mtu amemlaza reli juu ya mbavu. Jasho lilimtoka ingawa usiku ulikuwa wa baridi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzito. Na sisi tuliokuwa pale tulifanya nini? Mmoja alisema ni gesi, kwa sababu jioni tulikula maharagwe. Mwingine akasema ni vidonda vya tumbo, maana mzee alikuwa navyo zamani. Tukampa dawa ya gesi, ile ya kuchanganya na maji, naye akacheua, nasi tukafurahi na kurudi kulala.

Kulipokucha alikuwa hawezi kutembea hatua kumi. Tukampakia juu ya pikipiki katikati ya watu wawili, tukampeleka zahanati moja ambayo jina lake hatutalitaja. Akapigwa sindano ya maumivu, akapewa vidonge vya vidonda vya tumbo, akaambiwa apumzike. Hakuna aliyempima moyo, kwa sababu mashine ya kupimia haikuwako. Jioni maumivu yakarudi kwa nguvu. Tulitafuta gari la kukodi, mwenye gari akataka pesa kwanza, tukachanga, wengine wakapiga simu nyumbani kuomba. Gari likaondoka saa nne za usiku. Mzee akakata roho njiani, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja yangu, kabla hatujaona taa za hospitali kubwa.

Saa kumi na nane, ndugu zangu. Tangu aliposhika kifua hata gari lilipoondoka ni saa kumi na nane.

Mwaka ule ule shemeji ya mmoja wetu, karani katika ofisi moja ya Nairobi, alishikwa na maumivu kama hayo akiwa mezani kwake. Mwenzake alimweka katika gari, na baada ya nusu saa alikuwa mikononi mwa daktari. Moyo ukapimwa pale pale mlangoni. Akapelekwa katika chumba cha kufungulia mishipa, na baada ya miezi miwili alikuwa amerudi kazini, tena amenenepa kidogo, jambo ambalo daktari wake hakulipenda.

Mzee wetu na karani huyu walikatwa fedha moja. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, ilipoanza Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, mahali pa ile bima ya zamani ya NHIF, kila mfanyi kazi wa mshahara hukatwa 2.75 kwa mia ya mshahara wake wote. Hakuna asiyekatwa kwa sababu anaishi mbali. Karatasi ya mshahara haiulizi kama wewe ni wa Upper Hill au wa Samitsi. Lakini moyo ukikushika, hapo ndipo unapoulizwa unatoka wapi.

Kabla ya kuendelea yafaa tueleze ugonjwa wenyewe, kwa maana wengi wetu huusikia redioni tu, kwamba mkubwa fulani amekufa kwa mshtuko wa moyo, tukadhani ni ugonjwa wa wakubwa. Moyo ni kama injini, nao wenyewe wahitaji kulishwa. Hulishwa damu kwa mishipa yake midogo inayouzunguka. Kwa miaka mingi, kwa ajili ya presha, sigara, sukari, mafuta na kurithi, ukuta wa mishipa hiyo huota uchafu, kama bomba la maji machafu. Siku moja uchafu ule hupasuka, damu huganda juu yake, na njia hufungwa. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa. Haifi mara moja. Hufa kidogo kidogo, saa baada ya saa, na hiyo ndiyo habari kubwa ya tahariri hii. Mtu wa reli anaelewa jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote: njia imezibwa, garimoshi limesimama, na kila saa inayopita kabla ya gengi kufika huongeza hasara.

Kuna namna mbili za kufungua njia hiyo. Ya kwanza ni ya hospitali kubwa. Daktari huingiza mrija mwembamba kwa mshipa wa mkono au wa paja, akaufikisha mpaka moyoni, akapanua mahali palipozibwa na kuacha hapo kijibomba cha waya kinachoitwa stenti. Hiyo ndiyo bora, ikiwa yaweza kufanywa upesi. Ya pili ni dawa ya sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda. Streptokinesi ni moja ya hizo, na ziko mpya zaidi. Dawa hii haihitaji chumba cha mamilioni. Inahitaji mtu aliyefundishwa, kitanda, na mashine ya ECG, ile inayochora mapigo ya moyo juu ya karatasi, ili ijulikane kama mshtuko ni wa namna inayofaa dawa hiyo. Kanuni ya madaktari ni kuwa mtu mwenye maumivu ya kifua achorwe moyo katika dakika 10 za kwanza tangu afike mlangoni. Tena, ikiwa hawezi kufikishwa kwenye mrija katika muda wa saa mbili hivi, apewe dawa ya kuyeyusha pale pale alipo, asingojee safari.

Na kabla ya hayo yote kuna aspirini. Ndiyo, aspirini hii hii ya dukani. Mwaka 1988 ulitolewa uchunguzi mkubwa wa wagonjwa 17,187 katika hospitali 417 za nchi nyingi. Aspirini peke yake ilipunguza vifo karibu robo. Streptokinesi ilipunguza karibu kiasi hicho hicho, na wale waliopata zote mbili walipona zaidi ya wote. Hebu fikirini: dawa isiyofikia bei ya chai na mandazi. Mzee wetu alipewa dawa ya gesi.

Sasa mtu mmoja Malava na mtu mmoja Nairobi si hesabu. Mwanachama mwenye akili ataniuliza, je, una hakika kuwa tofauti hii ni ya kweli, au ni bahati mbaya ya mzee wako? Ni swali la haki, nasi tumetafuta.

Katika hospitali ya Aga Khan ya Nairobi madaktari walihesabu wagonjwa 230 wa moyo wa namna hii waliolazwa miaka ya 2012 na 2013. Waliofia hospitalini walikuwa karibu 8 kwa kila 100. Katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta wakahesabiwa wagonjwa 196 wa miaka ya 2016 hadi 2018. Waliofia hospitalini walikuwa 17 kwa kila 100. Hospitali hizi mbili ziko katika mji mmoja, na kwa gari, siku isiyo na msongamano, ni safari fupi. Tusiwe wepesi kusema kuwa madaktari wa Kenyatta ni wabaya. Kenyatta hupokea maskini, hupokea waliochelewa, hupokea waliotumwa kutoka kila kona ya nchi wakiwa tayari wamechoka. Lakini katika wale wa Kenyatta, waliofunguliwa mshipa walikuwa wachache sana. Basi tofauti hii ni ya mfuko na ya saa, kuliko ya ujuzi.

Tena katika ile ya Aga Khan, mahali penye kila chombo, wagonjwa wawili katika kila watatu walifika baada ya saa sita tangu maumivu kuanza. Hawa ni watu wa Nairobi, wengi wao wenye magari. Kwa hiyo mtu wa Chegulo asijione mjinga peke yake.

Twende mbele kidogo, ng'ambo ya mpaka. Huko Moshi, Tanzania, katika hospitali ya rufaa, madaktari waliwapima wagonjwa wote waliokuja na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, wakatoa habari yao mwaka 2020. Waligundua kuwa karibu mmoja katika watano au zaidi kidogo alikuwa na mshtuko wa moyo hasa. Lakini wengi wa hao, katika kazi ya kila siku ya hospitali, hawakutambuliwa. Waliandikiwa magonjwa mengine, na aspirini walipewa wachache. Baada ya siku 30 zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa wamekufa. Twawasifu madaktari wale kwa kutoificha hesabu hiyo. Wala hawakuishia kuandika. Baadaye walianza mpango wa kufundisha wauguzi na madaktari na kuwapa kadi ndogo za kukumbusha, ili mwenye maumivu ya kifua asikae katika foleni nyuma ya mwenye mafua.

Basi linganisheni: wanane, kumi na saba, zaidi ya arobaini. Hospitali hizi hazikuhesabu kwa namna moja, kwa kuwa nyingine ilihesabu mpaka mgonjwa alipotoka na nyingine mpaka mwezi ulipokwisha, na mtu asizipange kama matokeo ya mpira. Lakini moyo wa mtu wa Moshi haukuumbwa tofauti na wa mtu wa Parklands.

Na mzee wetu yuko katika hesabu ipi? Hayumo katika yoyote. Hakulazwa mahali, hakuchorwa moyo, alifia juu ya tairi. Hospitali huhesabu waliofika mlangoni. Wale wanaofia kambini, shambani kwenye miwa, au nyuma ya pikipiki, daftari la hospitali haliwajui, na ndiyo sababu mtu anaweza kukaa ofisini akasema kuwa ugonjwa wa moyo si tatizo la Magharibi ya Kenya. Kwetu huandikwa kwa mkubwa wa mtaa kuwa mtu aliugua kwa muda mfupi. Wengine husema amerogwa, na udugu wa ukoo mzima huvunjika kwa ajili ya mshipa mmoja ulioziba.

Tusidhani pia kuwa tofauti za namna hii ni za nchi maskini peke yake. Mwaka 2014 wataalamu walilinganisha Uingereza na Sweden, nchi mbili tajiri, ambazo zote hutibu raia bila kuuliza pesa mlangoni. Tangu 2004 hadi 2010, waliokufa katika siku 30 baada ya mshtuko wa moyo walikuwa 7.6 kwa 100 huko Sweden, na 10.5 kwa 100 huko Uingereza. Wakapiga hesabu kuwa Waingereza zaidi ya 11,000 wangalipona kama wangalitibiwa kama Waswidi. Sababu moja kubwa waliyoona ni kuwa Sweden iliharakisha kutumia ule mrija, na dawa za baadaye, kila mahali. Uingereza ilikawia, tena hospitali na hospitali zilitofautiana. Daktari na vyombo walikuwako kote kote. Kilichopungua ni mpango.

Ni kwa ajili hiyo hatukubali maneno ya wale watakaotuambia kuwa Malava itangoje mpaka iwe tajiri.

Tutazame basi mpango wetu sisi. Kutoka Malava hadi Kakamega ni karibu kilomita 25. Barabara ni ya lami, nayo ni njema, lakini yeyote aliyepita hapo wakati wa kuvuna miwa anajua matrekta ya viwanda vya Kabras na Butali yanavyotambaa na matela mawili nyuma, na huwezi kuyapita. Hiyo ni kwa mtu aliye barabarani. Wa ndani, kwa njia za udongo, mvua ikinyesha huhesabu saa nyingine. Kutoka Kakamega mtu aweza kupelekwa Eldoret, kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambayo ina kitengo cha moyo. Na vyumba vingi vya kufungulia mishipa katika Kenya viko Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kutoka Kakamega. Pigeni hesabu wenyewe ya zile saa mbili za madaktari. Kwa mtu wa kwetu mrija ni jambo la kesho au kesho kutwa. Kwa hiyo matumaini yake ya usiku ule ni kitu kimoja: aspirini, mchoro wa moyo, na dawa ya kuyeyusha, vipatikane karibu na mahali alipoangukia.

Jambo hili limefanywa na watu wasio matajiri. Katika jimbo la Tamil Nadu, kusini ya India, wenye mahospitali walijipanga kama reli ilivyojipanga, stesheni ndogo za tawi zikiungana na stesheni kubwa ya makutano. Hospitali ndogo ya vijijini ilichora moyo wa mgonjwa, ikautuma mchoro kwa mtambo hadi hospitali kubwa, daktari wa moyo akausoma na kutoa amri, mgonjwa akapewa dawa ya kuyeyusha au akapakiwa katika ambulansi moja kwa moja. Walihesabu wagonjwa 2,420 kabla ya mpango na baada yake, wakatoa habari mwaka 2017. Waliokufa katika mwaka mmoja walishuka kutoka 17.6 kwa 100 hadi 14.2. Mtu aweza kusema ni kidogo. Ni watu watatu na zaidi katika kila mia, na kila mmoja wao ana watoto.

Sisi wa reli hatuwezi kushangaa kuwa mpango kama huo wawezekana. Garimoshi halitoki stesheni mpaka stesheni ya mbele ijibu kuwa njia ni wazi. Kazi hiyo imefanywa tangu siku za babu zetu, kwa vyombo vya kizamani kabisa, usiku na mchana, mvua na jua. Leo kila boda boda ana simu yenye picha mfukoni. Picha ya karatasi ya ECG kutoka Malava hufika Kakamega au Eldoret kabla nesi hajamaliza kufunga mlango.

Wako watakaosema, na baadhi yao ni marafiki wa chama, kuwa Malava ina malaria, ina akina mama wanaokufa katika uzazi, ina watoto, na hayo yatangulie. Twawajibu kwa heshima. Kwanza, serikali yenyewe katika uchunguzi wake wa mwaka 2015 iliona kuwa karibu mtu mzima mmoja katika wanne wa Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja. Moto uko chini ya majivu. Pili, uchunguzi wa nchi nyingi uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha jambo la ajabu: katika nchi maskini watu walikuwa na visababishi vichache vya ugonjwa wa moyo kuliko katika nchi tajiri, na hata hivyo walioshikwa walikufa zaidi. Tatu, gari linalombeba mwenye moyo ndilo linalombeba mama aliyezidiwa na uchungu. Simu ni ile ile, dereva ni yule yule, barabara ni ile ile. Hatumnyang'anyi mama kitu. Twadai gari liwe na mafuta.

Tena hatuombi sadaka. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kuwa mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliweka mfuko maalum wa dharura na magonjwa mahututi. Na tangu 2013 hospitali za wilaya zetu ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo anayedaiwa anajulikana, na fedha yake tumekwisha kuilipa kabla hata ya kuushika mshahara.

Basi msimamo wa tawi letu, ambao utaletwa mbele yenu mkutanoni mwupige kura, ni huu. Tutume wajumbe wanne kwa wakuu wa afya wa kaunti, wenye maswali mepesi. Katika hospitali ya Malava, saa nane za usiku siku ya Jumapili, mashine ya ECG inafanya kazi? Karatasi yake iko? Mwenye kuisoma, au wa kuipiga picha na kuituma, yuko zamu? Dawa ya kuyeyusha damu iko katika friji au iko katika hesabu tu? Ambulansi huitwa kwa namba gani, na nani hulipa? Tuulize hivyo hivyo kwa vituo vilivyo karibu na njia ya reli, Webuye, Lugari na Turbo, kwa maana kazini tunalala huko kuliko nyumbani. Wajumbe waende kwa adabu, bila kelele, na majibu yaandikwe na kutiwa sahihi. Wauguzi na matabibu ni wafanyi kazi kama sisi, nao wana vyama vyao. Mara nyingi wao wenyewe ndio waliokwisha kuomba vitu hivi wakachoka. Tuwatafute tusimame nao, badala ya kwenda kuwafokea wao juu ya friji tupu.

Kwa upande wa waajiri, twadai kila kambi ya gengi na kila karakana iwe na mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza, kama Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inavyotaka sanduku la huduma hiyo liwepo, na tuongeze kuwa presha ipimwe kazini mara mbili kwa mwaka bila mtu kukatwa siku yake. Msimamizi wa gari awe na ruhusa ya kulitoa usiku kwa mgonjwa bila kwanza kuamsha ofisi tatu. Usiku ule wa Machi gari la kazi lilikuwa limesimama hatua 200 kutoka hema la mzee. Funguo zilikuwapo. Ruhusa haikuwapo, na sisi hatukuwa na ujasiri wa kuichukua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko ile zahanati.

Na sasa sisi wenyewe. Maumivu au uzito unaobana katikati ya kifua, usiokwisha kwa dakika 15 hivi, unaokwenda bega, mkono, taya au mgongo, pamoja na jasho la baridi, kichefuchefu au kukosa pumzi, huo uhesabiwe kuwa ni moyo mpaka daktari aseme sivyo. Wanawake, wazee, na wenye ugonjwa wa sukari pengine hawapati maumivu makali. Huchoka ghafula na kukosa pumzi tu. Mgonjwa akae kitako asitembezwe. Ikiwa hana tatizo na aspirini, wala hatoki damu, wala hana kidonda cha tumbo kilichotoka damu karibuni, wala hakupooza upande mmoja, atafune aspirini ya miligramu 300, aitafune, asiimeze nzima. Kisha aondoke, usiku ule ule, kwenda mahali penye mashine ya ECG, hata kama zahanati iliyo karibu ni rafiki yake. Akifika aseme neno kifua kwanza, kabla ya jina. Mkiambiwa ni gesi, ombeni kwa upole mchoro wa moyo. Huo hauumi, nao huchukua dakika chache.

Mkutano wa tawi utakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada, mahali petu pa siku zote. Kila gengi ilete jina la mtu mmoja wa kufundishwa huduma ya kwanza, na asiwe yule anayelala usingizi mzito. Walio zamu siku hiyo wampe Katibu kura yao kwa maandishi. Mjane wa mzee wetu bado anafuatilia malipo yake, na ofisi yataka ushahidi kuwa mumewe alikuwa kazini usiku ule. Wote tuliokuwa kambini tufike saa moja mapema tuandike maelezo yetu.